Mfereji Nyuma ya Banda la Nguruwe

Mama yangu alikuwa mtengenezaji wa kimea. Kwa asiyejua, kimea ni ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, na bila hicho pombe ya kienyeji inabaki kuwa uji. Pombe yenyewe hakuipika hata siku moja. Alisema kupika pombe ni kuwakaribisha walevi uani, na yeye alikuwa mwanakwaya. Lakini wapikaji wa vilabu vingi vya Songea walimjua, na wengine walikuja na basi kutoka Madaba, kwa sababu kimea chake kilikuwa kitamu na hakikuwahi kuoza. Ukimuuliza anafanyaje, alikuonyesha bondeni kwa kidevu tu, kule kulikokuwa na maji.

Kijito chetu kilitoka milima ya Matogoro na kupita chini ya nyumba ya mama, kwenye bonde lenye matete ambako wanawake walikuwa na madimba, yaani vibustani vya kiangazi vya kabichi na maharage. Kwenye mzizi wa mkuyu mmoja mama alifunga gunia lake la ulezi, akaliacha ndani ya maji yanayokwenda tangu asubuhi mpaka asubuhi ya pili. Kisha ulezi ulipandishwa nyumbani, ukatandazwa juu ya majani ya mgomba kwenye kijumba chenye giza, ukafunikwa. Baada ya siku tatu ulitoa mizizi myeupe, na nyumba nzima ilinukia vizuri. Adui yetu mkubwa alikuwa kaa wa mtoni. Walikuwa wengi, wakitoboa gunia, na mama alikuwa akiwatukana kwa Kingoni maneno ambayo hakuruhusu sisi tuyatumie.

Kazi ile ilikuwa na masharti yake. Ulezi haurowekwi siku ya msiba. Watu waliogombana wapatane kwanza ndipo gunia liingie majini. Na mwanamke ambaye mumewe yuko safarini, kama ametoka nje ya ndoa, asiliguse gunia, maana ulezi utaoza. Hayo mama aliyapokea kwa mama yake, na hakuona kama yanagombana na rozari aliyovaa shingoni. Mimi niliyasikia tangu utotoni kama nilivyosikia kwamba usifagie uchafu kwenda mlangoni usiku. Sikuyaamini, lakini pia sikuyapinga, na hilo ndilo nitakalolisema hapa, ingawa nimechelewa sana.

Nilikua, nikasoma ualimu, nikapangiwa shule ya msingi palepale mjini, nikafundisha sayansi. Nikaolewa na karani wa shirika moja la umma. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yakajaa sabuni na mitumba, kila mwenye mshahara akaambiwa mshahara hautoshi na atafute mradi, na kila mwenye mradi akataka kujenga. Upande wa juu wa kijito, mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama, palikuwa na msitu wa miombo na mashamba ya watu wachache. Pakapimwa viwanja. Sisi tukapata kimoja, na mpaka wake wa nyuma ulikuwa kijito chenyewe. Nilitembea nacho kifua mbele. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba maji yako nyuma ya nyumba, sihitaji kusubiri bomba.

Kila aliyejenga kule alifanya kama sisi. Udongo wa tofali ulichimbwa kwenye ukingo wa kijito kwa sababu pale ulikuwa laini na maji yalikuwa karibu. Kuni za kuchomea tanuru zilikatwa palepale ukingoni. Tulipomaliza, ukingo ulikuwa umebaki mashimo matupu, na mvua ya kwanza ikaupeleka nusu yake chini. Nakumbuka mama alisema mwaka ule maji yalikuja mekundu yakiwa na haraka, yakafunika dimba lake kwa tope mchana mmoja, na kesho yake yakapungua kabisa. Zamani mvua ilikuwa inanyesha Matogoro na maji yanafika taratibu siku mbili tatu. Nilimweleza kwamba ni mabati. Mvua ikipiga bati na uwanja uliofagiliwa, haina pa kuingia, inakimbia yote mtoni. Alinisikiliza kwa furaha ya mama mwenye mtoto mwalimu. Kisha akaenda kuwaambia majirani jinsi nyumba ya bintiye ilivyo na bati la migongo mipana.

Nyumba ikiwa imeezekwa lakini bado haina dari, mume wangu akapunguzwa kazini. Shirika lilikuwa linafungwa, wakawapa karatasi na kuwaambia wajitegemee. Alishinda nyumbani wiki mbili, kisha akajenga banda la nguruwe. Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Nusu ya watumishi wa mji ule walikuwa na nguruwe au kuku nyuma ya nyumba, na Songea nguruwe hakosi mlaji. Tulianza na majike mawili. Baada ya mwaka mmoja na kitu lilikuwa banda la sakafu ya saruji na nguruwe ishirini na zaidi, wakila pumba na machicha ya pombe. Kila asubuhi mume wangu aliosha sakafu kwa ndoo, na uchafu ulipita kwenye mfereji alioupiga jembe yeye mwenyewe, ukateremka hatua kama thelathini, ukaingia mtoni. Mfereji ule ulikuwa umenyooka vizuri. Niliusifu.

Mdogo wangu wa kiume naye alikwenda Tunduru. Ilikuwa miaka ile ya vito, watu waliacha mahindi shambani wakakimbilia kule kuchimba au kudalalia mawe, wakirudi na redio au wakirudi na malaria tu. Alimwacha mkewe kwa mama pamoja na mtoto wao mchanga wa kike. Huyo mke, wifi yangu, alikuwa binti wa wakulima wa Maposeni. Mrefu, mwenye mikono mikubwa, mcheshi, asiyejua kutembea polepole. Mama alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, na hakuficha. Mgongo wa mama ulikuwa umeanza kumsumbua, kwa hiyo wifi ndiye aliyebeba gunia la ulezi kwenda mtoni na kulipandisha likiwa limelowa, zito, huku mtoto yuko mgongoni.

Kiangazi kimoja, mwezi wa nane, ulezi wa mama ukaoza. Walipofunua majani ya mgomba siku ya tatu hapakuwa na mizizi myeupe, palikuwa na ukungu na harufu mbaya. Mama alisema ni baridi iliyochelewa kuisha. Akaroweka mwingine. Ukaoza. Akasema ulezi ule umetoka kwa mchuuzi mwongo, akanunua wa mtu anayemwamini. Nao ukaoza. Mpikaji mmoja aliyekuwa akikisifu kimea cha mama kwa miaka kumi akachukua debe moja lililobahatika kuota nusu, pombe yake ikawaharisha wateja, akaja kulirudisha mbele za watu. Mama aliingia ndani, akajilaza mchana, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya.

Hapo ndipo alipoacha kuuliza habari za ulezi, akaanza kuuliza habari za watu.

Wiki ileile darasa la tano nilikuwa nafundisha kuota kwa mbegu. Unachukua makopo matatu na maharage. Moja linakosa maji, jingine maji yamechemshwa na kufunikwa na mafuta ili hewa isiingie, la tatu lina kila kitu. Baada ya siku kadhaa watoto wanaangalia na kusema wenyewe. Yale ya kopo la pili yalikuwa yamevimba, yameoza, yananuka. Nikauliza yamekosa nini, darasa zima likajibu hewa. Nilibaki nimeshika kopo lile mbele ya watoto hamsini, harufu yake ikinipanda puani, na ilikuwa harufu ya kijumba cha mama.

Jioni nilishuka mtoni kwa mama bila kumwambia mtu. Kwenye mkuyu maji yalikuwa machache, yanakwenda kama hayataki. Nikageuza jiwe kutafuta kaa, sikumwona. Nikageuza mawe kumi. Kila jiwe lilikuwa na utando wa kijivu unaoteleza, na chini yake minyoo myekundu myembamba ambayo sikuijua utotoni. Nikavua viatu, nikapanda na kijito. Nilipita mifereji ya mabafu, nikapita choo cha shimo kilichokuwa karibu mno na ukingo, nikapita mahali mtu alipomwaga mafuta machafu ya gari. Si kweli kwamba ni sisi peke yetu tuliokiua kijito kile, na kwa miaka mingi nimejifariji kwa sentensi hiyo. Lakini juu ya mfereji wetu kulikuwa na mawe masafi na kaa wawili. Chini ya mfereji wetu hapakuwa na kitu. Nilisimama pale katikati na suruali ya mazoezi imekunjwa magotini, mwalimu wa sayansi, na sikuhitaji kopo la tatu.

Nilimwambia mume wangu usiku huo tuchimbe shimo la kuhifadhi uchafu. Alikubali, ila majike mawili yalikuwa karibu kuzaa na saruji imepanda, akasema tusubiri wiki chache. Nikasema sawa. Niliona aibu kumwambia mama kabla shimo halijachimbwa. Nilitaka kwenda kwake na kosa lililokwisha kurekebishwa, nimsimulie kama jambo la kuchekesha. Pia nitaje woga wenyewe: wenye madimba wote wa bonde lile walikuwa wanamjua mama, na wangejua kwamba bintiye mwenye bati la migongo mipana ndiye anayewanywesha kinyesi cha nguruwe. Wangedai banda livunjwe. Banda lile ndilo lililokuwa linatulisha.

Kabla ya wiki hizo kuisha, baba mdogo aliita kikao. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo yeye ndiye aliyeshika nafasi yake. Tulikaa sebuleni kwa mama Jumapili baada ya Misa. Baba mdogo alieleza kwa adabu nyingi kwamba mali ya mama imeoza mara tatu, kwamba anayelishika gunia ni mmoja, na kwamba mume wa huyo mmoja ana miezi saba Tunduru. Hakuna aliyemwona wifi na mwanamume. Walikuwa na fundi mmoja tu wa kuchimba choo aliyepewa chakula uani mara mbili tatu, na kwa kikao kile fundi alitosha. Barua ilikuwa imekwenda Tunduru, na majibu yalikuwa yamerudi kwa mkono wa abiria wa basi: mama aamue anavyoona. Baadaye nilijua kwamba mdogo wangu naye alikuwa hajapata jiwe lolote la maana miezi yote ile, na alikwisha kujiuliza nyumbani kuna nini.

Wifi aliulizwa. Akasema hajafanya. Akaulizwa tena, akasema hajafanya, na hakulia. Mama alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, na najua ilimuuma, kwa sababu alimpenda, na ndiyo maana alitaka akiri ili yaishe. Mtu akikiri kuna namna ya kutakaswa na maisha yakaendelea. Asiyekiri hana dawa. Ndipo wifi akageuza uso akanitazama mimi, moja kwa moja, muda mrefu kuliko inavyofaa kumtazama mtu. Nilidhani ananiomba nimtetee kwa sababu tulikuwa tunapatana. Niliangalia sakafu. Baba mdogo akaniuliza kama mwalimu ana neno. Nikasema sina.

Aliondoka kesho yake na gari la mahindi lililokuwa linarudi Maposeni tupu, mtoto mgongoni na sanduku moja la bati. Nilikuwa shuleni nafundisha. Nilijiambia nitakwenda kwake mwisho wa wiki.

Mwisho wa wiki ile niliwaosha nguruwe. Mwezi wa kumi na moja tukachimba shimo, tukaukata mfereji. Mwezi wa kumi na mbili mvua zikaja kwa nguvu, kijito kikafurika, kikasafisha kila kitu hadi bondeni. Mama akaroweka ulezi wa Noeli, mara hii gunia likibebwa na jirani, na ukaota mzuri, mizizi myeupe kama zamani. Alinitumia kibaba. Alisema sasa ameamini kwamba aliyeuozesha ni wifi, ingawa roho ilikuwa inamsuta. Niliposikia hivyo nilipaswa kukimbia. Ilikuwa ni suala la kufungua mdomo tu na kusema mama, ni mvua. Badala yake niliuonja unga ule kwa ncha ya kidole, nikasema kweli mtamu. Mdogo wangu alipelekewa habari, na kabla ya Pasaka akaoa mwingine hukohuko Tunduru.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema hata baada ya shimo kuchimbwa, wakati banda halikuwa tena hatarini. Jibu langu la kweli ni baya kuliko nguruwe. Kila wiki iliyopita, kusema kulikuwa kunamaanisha kukiri pia ukimya wa wiki iliyotangulia. Mwanzoni ningekiri mfereji tu. Baadaye ningekiri kwamba nilikaa kikaoni nikijua, nikamwacha mwenzangu afukuzwe. Nilikuwa naogopa mama atanitazama vipi.

Laiti kiangazi kilichofuata kingemkumbusha. Ulezi ungeoza tena kwa uchafu wa mifereji ya wengine, bila wifi kuwapo, naye angeanza kujiuliza. Lakini kijito hakikungoja. Mtaa ulikuwa umepanda hadi kwenye chemchemi ndogo za juu, miti imekwisha, na mwezi wa tisa maji ya pale kwenye mkuyu yalikatika, kwa mara ya kwanza tangu mama aolewe bondeni pale. Palibaki vidimbwi vyenye ukijani na mifuko ya nailoni. Mama akanunua pipa, akawa anaroweka kwa maji ya bomba, akibadilisha maji mara tatu kwa siku. Kimea kilitoka, lakini wapikaji walisema si kile. Baada ya miaka miwili aliacha. Wenye madimba nao waliacha mmoja mmoja, na matete yao yakawa viwanja. Siku hizi ukipita daraja la pale, watoto hawaamini ukiwaambia kwamba daraja lilijengwa kwa sababu ya maji.

Mama aliugua mwaka mwingine wa mvua. Nilimuuguza mwenyewe, siku na wiki, nikimlisha uji, nikimgeuza. Siku moja mchana, akili yake ikiwa safi kabisa, aliniambia anamkumbuka mkamwana wake wa Maposeni. Alisema anamwombea kila jioni Mungu amsamehe zinaa yake, kwa kuwa alikuwa mtoto mzuri. Nilikuwa nimeshika kijiko. Nikasema, "Mama, pumzika." Alipumzika, na baada ya siku nne tukamzika.

Ilinichukua miaka mingine mingi kufika Maposeni, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nilikuwa nimestaafu. Nilimkuta wifi kwenye uwanja wake, amekaa juu ya kigoda anapukuchua mahindi, amenenepa kidogo, mikono ileile mikubwa. Aliniamkia vizuri. Akanipa kigoda, akanipa maji. Nikaogopa kwamba nikianza na habari za afya na mavuno sitafika ninapokwenda, kwa hiyo nikasema palepale: maji, nguruwe, mfereji, kopo la maharage, kikao. Nilisema kwa mpangilio kama somo, sijui njia nyingine ya kusema.

Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akasema, "Nilijua, wifi. Jumamosi kabla ya kikao nilipanda na mto na mtoto mgongoni, nikafika hadi kwenye mfereji wenu. Nikaona nikisema mimi, watasema natafuta pa kutupia uchafu wangu. Nikasema atasema mwalimu."

Nilimwomba msamaha. Nililia, na nilijua machozi yangu hayakuwa na kazi pale. Aliniacha nimalize. Kisha akamwita bintiye kutoka jikoni, mwanamke mzima sasa, mwenye watoto wake, ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa amefungwa kanga mgongoni mwa mama yake. Aliniamkia, "Shikamoo, shangazi," nikaitikia. Wifi akaniambia, "Rudia. Asikie na huyu, yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa shuleni kwa nini mama yake alifukuzwa."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu huyu hakujua kitu, na nilikuwa naona kila neno likimfikia. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono ina unga. Nilipofika mwisho akauliza kwa sauti ya chini, ya heshima.

"Kwa hiyo bibi alikufa akiamini mama yangu ni mzinzi?"

Nikasema ndiyo.